Sensa ya mtetemo: kwa nini niliacha kuishika kwa mkono

Nilipoanza kazi ya matengenezo nilikuwa napima mtetemo wa pampu kwa sensa yenye ncha ndefu, naikandamiza kwa mkono kwenye nyumba ya beringi. Kazi ya haraka, pampu kumi zinaisha kabla ya chai. Ila mimi nikipata namba hii, mwenzangu anapata nyingine, na mashine ni ileile. Kisha beringi ya mota moja ikaanza kulia hadi mlangoni unaisikia, na kwenye daftari nilikuwa nimeandika "salama" wiki nzima.

Mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika, rota (sehemu inayozunguka ndani yake) ikikosa mizani, hutetemeka karibu mara 25 kwa sekunde. Hilo hata mkono unalipima. Beringi inayoanza kumomonyoka ni habari nyingine: dalili zake za mwanzo ziko kwenye maelfu ya hezi (mitetemo kwa sekunde), na ncha ya mkono haiaminiki tena ukikaribia hezi 1,000, pengine hata kabla.

Kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta ugonjwa gani. Kwa mzunguko wa kila siku naishikiza sensa kwa sumaku bapa, ambayo hadi hezi 2,000 hivi hainipi wasiwasi. Lakini kwangua rangi, piga msasa, paka grisi utando mwembamba tu. Na usiiachie sumaku ijibamize yenyewe! Kishindo hicho kinaweza kuua sensa. Gusisha ukingo kwanza, kisha ilaze taratibu. Sumaku ya miguu miwili ya kukalia bomba au mwili wa mviringo ni ya masafa ya chini, yaani mitetemo ya polepole, usiitegemee kwa beringi.

Kuifunga sensa kwa bolti kunazishinda njia zote, mradi uso uwe bapa na tundu limesimama wima. Bosi akikataa mota yake itobolewe, bandika kibati cha chuma chenye tundu la nyuzi kwa gundi ya epoksi inayokauka ikawa ngumu. Gundi laini na tepu ya pande mbili hunyonya mtetemo.

Kwenye kifuniko cha feni ya mota usipimie kabisa, kile ni debe tu. Kebo nayo ifunge isining'inie.

Vibati vyangu bado vipo. Mafundi rangi walipopita waliipaka pampu yote bluu, vibati vikiwemo, nikashinda siku nzima na msasa.