Anza na Malenga Aliye Hai

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia kwamba amemaliza shule akiwajua malenga waliotangulia mbele ya haki peke yao, akaniuliza aanze na nani kati ya walio hai. Swali lake lilinitonesha kidonda.

Nikiwa kidato cha tatu nilitunga shairi lisilo na vina kuhusu mvua za Kilimanjaro, nikampelekea mwalimu wangu. Alilipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika penye neno "ukungu", kisha akaandika chini yake: "Hili si shairi." Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, na diwani yoyote ambayo mishororo yake haikulingana niliifunga palepale.

Kilichonifungua macho ni Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974 na kuzusha ubishi mkali kuhusu mashairi huru, yaani yasiyofungwa na vina wala mizani. Niliinunua kwa muuza vitabu chakavu hapa Arusha, karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wengi wetu hulitaja jina hilo siku za mpira tu, ilhali sheikh huyo alikuwa mshairi, na kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichapishwa mwaka 1954. Nilisimama kando ya uwanja wake nikisoma kitabu kilichozivunja sheria zile, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu chochote.

Kezilahabi naye alifariki mwaka 2020, kwa hiyo msomaji wangu nilimwelekeza kwa Mohammed Khelef Ghassany, Mpemba aliyeshinda Tuzo ya Mabati-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, mwaka 2015 kwa diwani ya N'na Kwetu, na kwa Dotto Rangimoto, aliyeipata mwaka 2017 kwa Mwanangu Rudi Nyumbani. Asidhani kila malenga wa leo ameacha vina; Ghassany anavishika barabara, na bado anazungumza kama mtu wa zama hizi.

Najua nawe unayesoma hapa una daftari la mashairi chini ya mto. Basi soma shairi moja kwa siku, kwa sauti, kisha ulirudie, kwani lugha hii iliimbwa kabla ya kuandikwa. Nunua kitabu chenyewe wala usitoe kopi. Unatakaje kununuliwa kesho ikiwa leo humnunui mwenzako? Tunawalilia malenga wakishazikwa, na walipokuwa hai hatukuwapa hata bei ya sahani ya chipsi!

Nakala yangu ya N'na Kwetu niliikabidhi jana kwa kondakta wa basi la Moshi, ikiwa imefungwa kwa gazeti, na ukurasa wa kuanzia nimeukunja pembe.