Kopo la maharage na soseji zilizopitisha tarehe

Ndugu, umeuliza kama maharage ya kopo yaliyopitisha tarehe kwa miezi 2, na soseji zilizopitisha siku 3 kwenye friji, bado vinalika. Majibu ni tofauti, kwa sababu tarehe zenyewe hazifanani.

"Bora kabla ya", tarehe ya kwenye kopo, inahusu ladha na ubora. Maharage kula, mradi kopo halijavimba, halivuji, halijaliwa na kutu wala halijabonyea kwenye maungio. Kopo lililovimba usilifungue, na usionje kabisa: huenda lina sumu ya botulini, na kiasi kidogo tu kinaweza kuua.

"Tumia kabla ya", tarehe ya kwenye soseji, inahusu usalama. Soseji tupa, tafadhali, hata kama hazinuki. Bakteria wa listeria huendelea kuzaliana hata kwenye friji yenye nyuzi joto 4, bila kubadili harufu wala rangi ya chakula. Kwa mjamzito ni hatari zaidi, maana anaweza kupoteza mimba. Wala usitegemee kuzichemsha: moto huua bakteria, lakini sumu inayotolewa na bakteria wengine, stafilokoka, ikishatengenezwa ndani ya nyama haiharibiwi na maji yanayochemka.

Ungezigandisha kwa nyuzi joto -18 kabla ya tarehe kufika, zingebaki salama. Kumbuka pia kwamba tarehe huhesabika pakiti ikiwa bado imefungwa. Ukishaifungua, fuata siku zilizoandikwa kwenye lebo, ambazo kwa nyama za aina hii huwa chache sana.