Bogoria ilitambuliwa kabla ya UNESCO

Je, Ziwa Bogoria la Kenya lilianza kutambuliwa UNESCO ilipoliorodhesha mwaka 2011? Hapana, halikungoja UNESCO. Serikali ya Kenya ililitangaza hifadhi tangu miaka ya 1970, na mwaka 2001 likaingia kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu. La 2011 ni kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, pamoja na maziwa ya Nakuru na Elementaita. Wengi huchanganya hadhi ya Bogoria na ya Nakuru, kwa sababu Nakuru ni mbuga ya taifa chini ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya), ilhali Bogoria husimamiwa na kaunti ya Baringo, na kiingilio hulipwa huko. Ila angalieni: maji yamepanda sana miaka ya karibuni, yakameza lango la Loboi na baadhi ya chemchemi za maji moto, kwa hiyo ulizieni njia kwanza.