Damu chooni, dawa ya New York na maswali mengine

Jumbe za mwezi huu karibu zote zimeangukia utumbo mpana. Nadhani chanzo ni ile klipu ya dawa ya Marekani inayozunguka kwenye magrupu. Nimechagua chache. Waliouliza "dawa ya kansa ni ipi?" bila kusema kansa ya wapi, hatua gani na nani aliyeipima, wasubiri mpaka waulize vizuri.

Baba yangu ana miaka 61. Akienda haja kubwa anatoka damu. Alinunua dawa ya bawasiri ya kupaka, damu ikakata, sasa imerudi. Kuna dawa yenye nguvu zaidi? (Msomaji, Chake Chake)

Nani kakwambieni ni bawasiri? Swali lenu nalipata kila mara, yanayobadilika ni majina tu, na nikiuliza hivyo jibu huwa moja: muuza duka, jirani, au mzee mwenyewe. Aliyemtazama hakuna.

Damu kukata haina maana kwamba dawa imefanya kazi. Uvimbe wa puru (mwisho wa utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa) huweza kutoa damu leo, ukanyamaza, ukatoa tena. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri ya kweli na, sentimita chache juu yake, akawa na saratani. Kwa hiyo hata daktari akiiona bawasiri, kwa mtu wa umri huu kazi haijesha.

Kipimo cha kwanza ni kidole. Daktari huvaa glavu, hupaka jeli, hugusa ndani, dakika moja imekwisha. Uvimbe wa puru ya chini mara nyingi hugusika hivyo hivyo. Wazee wetu ndipo wanapogoma hapo: "mimi mtu mzima nikatiwe kidole?" Mtoto wa kiume amkalishe baba yake barazani, wazungumze wawili, asiachiwe mama kazi hiyo. Na mwanamke aombe daktari mwanamke, au muuguzi mwanamke awepo chumbani. Asione haya kuomba.

Baada ya kidole ni kamera ya utumbo, na kikionekana kitu kinakatwa kinyama kinapelekwa maabara. Bila jibu la kinyama, anayesema "ni saratani" na anayesema "si saratani" wote wanakisia.

Mwulize pia: choo kimebadilika? Anahisi haja, akienda hapati kitu? Kanzu zimeanza kumpwaya? Likiwepo hata moja, asingoje karafuu ziishe kuchumwa.

Kuna dawa imeponya wagonjwa wote, mia kwa mia, bila upasuaji. Mbona hailetwi Zanzibar? (Wasomaji kadhaa)

Habari ni ya kweli, ila aliyeisambaza kaikata nusu.

Mwaka 2022 madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, akiwamo Andrea Cercek na Luis Diaz, walitangaza matokeo ya wagonjwa 12 wa saratani ya puru waliopewa dostarlimab, dripu moja kila wiki 3 kwa miezi 6. Kwa wote 12 uvimbe ulitoweka, haukuonekana kwa kamera, kwa MRI (picha ya sumaku) wala kwenye kinyama. Mwaka 2025 wakaongeza hesabu: wagonjwa 49 wa puru waliomaliza dawa, na wote 49 hawakuonekana tena na uvimbe. Mimi si mtu wa kushangilia haraka, lakini hili ni jambo kubwa. Anayekatwa puru anaweza kubaki na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote, na wengine hupoteza uwezo wa kuzaa.

Sasa ile nusu iliyokatwa. Wagonjwa hao hawakuokotwa tu mlangoni. Saratani zao zilikuwa za aina moja, ambayo seli zake zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa katika vinasaba vyake. Makosa yakirundikana, kinga ya mwili huitambua seli hiyo kuwa ngeni, ila saratani huikanyagia kinga breki. Dostarlimab inaiachia hiyo breki. Katika saratani za puru, aina hiyo ni kama wagonjwa 5 hadi 10 katika 100. Na kwa wote uvimbe ulikuwa haujafika kwenye ini wala mapafu. Wale 90 na zaidi waliobaki, matokeo haya hayawahusu.

Bei ni kikwazo, nakubali. Lakini hata ingemwagwa bure bandarini Malindi, tusingejua tumpe nani, maana lazima kinyama kipimwe protini 4: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Basi ukifika kwa daktari usimwulize "dostarlimab ipo?" Mwulize kama kinyama cha mgonjwa wako kinaweza kupimwa protini hizo. Kipande kikishahifadhiwa kwenye nta hukaa miaka, na kinaweza kusafirishwa maabara nyingine bila mgonjwa kupanda boti. Jibu lake huenda likawahusu watoto na ndugu, kwa sababu hitilafu hiyo wakati mwingine hurithiwa.

Na atakayekuuzia dostarlimab ya vidonge au ya kunywa, huyo ni tapeli. Dawa hii hupitia kwenye mshipa tu.

Kipimo cha damu cha CEA kinatosha kujua kama nina saratani ya utumbo?

Hakitoshi. Saratani changa mara nyingi haikipandishi, na sigara hukipandisha bila saratani. Kazi yake ni kumfuatilia aliyekwisha kutibiwa.

Aliyenitumia picha ya choo

Nimeiona, Mungu akusamehe. Maabara hupima choo, haipimi picha.

Kaka yangu anatibiwa Dar es Salaam. Ameombwa aingie kwenye utafiti, kompyuta itapiga kura nani apate dawa ipi. Mkewe anasema wanamfanya panya. (Msomaji, Wete)

Shemeji yako anaogopa kwa haki, ila nyinyi wa Pemba nitawakumbusha habari ya madini ya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wadogo wa kisiwani kwenu waliingizwa katika utafiti wa vidonge vya chuma na foliki. Wakati huo chuma kilihesabiwa kheri tupu kwa mtoto. Watoto walipogawanywa kwa kura, waliopewa chuma na foliki ndio waliolazwa au kufariki kwa wingi zaidi, tofauti ya asilimia 12, katika mahali palipokuwa na malaria kwa wingi. Kamati huru iliyokuwa ikizisoma takwimu ikasimamisha sehemu hiyo Agosti 2003, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Bila ile kura vidonge vingeendelea kugawiwa kwa nia njema, na madhara yangesingiziwa homa.

Katika tafiti za saratani, kundi la kulinganisha kwa kawaida hupewa matibabu bora yanayojulikana. Haliachwi mikono mitupu.

Aulize haya kabla hajatia saini. Kibali cha kamati ya maadili kiko wapi? Akidhurika, nani anamtibu? Nauli ya boti wanarejesha? Akijitoa, ataendelea kutibiwa kama kawaida? Karatasi ya ridhaa iwe ya Kiswahili, na nakala abaki nayo. Nimeona karatasi za ridhaa za kurasa chungu nzima ambazo bibi wa Konde hawezi kuambulia kitu, kisha anashikwa mkono aweke dole gumba. Hiyo si ridhaa. Na akiambiwa ailipie dawa ya utafiti, aondoke.

Mama ana miaka 58, damu yake 7. Amepewa vidonge vya chuma mara tatu, inapanda kisha inashuka.

Vidonge vinajaza pipa lililotoboka. Mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, na mwanamume wa umri wowote, akipungukiwa damu kwa kukosa chuma, lazima atafutwe inapovujia. Apimwe choo kwanza, maana safura, minyoo inayonyonya damu, ipo visiwani na ni rahisi kutibu. Ikiwa hana minyoo, au ametibiwa na damu haikai, aandikiwe kamera. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo mara nyingi haioneshi damu kwa macho; inanyonya kimya kimya mpaka mtu anahema kwa kupanda ngazi mbili. Kwa mara ya nne akipewa vidonge bila maelezo, usitoke chumbani bila barua ya rufaa.

Habasoda inatibu saratani ya utumbo?

Hapana. Ukitaka kula, kula, na daktari wa kemo (dawa za kuua saratani) umwambie. Kinachoniudhi ni miezi ambayo uvimbe unaachwa ukikua huku watu wanasubiri chupa iishe.

Nimesoma aspirini inazuia saratani isirudi. Nina vidonda vya tumbo. Nianze?

Usianze kwa kusoma. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliochapishwa 2025 ulitumia miligramu 160 kwa siku kwa waliokwisha kukatwa uvimbe na ambao uvimbe huo ulionesha mabadiliko fulani ya vinasaba. Waliopewa aspirini, saratani iliwarudia kwa kiwango cha karibu nusu ya kile cha wasiopewa. Hujapimwa mabadiliko hayo, hujui uko kundi gani. Unachokijua ni vidonda vyako vya tumbo. Na ukiwa na homa usiyoijua, huenda ni dengi, aspirini iache kabisa.

Nimemaliza kemo ya utumbo mpana. Ndugu wananikataza hata kufagia. (Bibi, Mwanakwerekwe)

Wapende, lakini usiwasikilize. Utafiti ulioitwa CHALLENGE, uliofanywa zaidi Kanada na Australia, uligawa kwa kura wagonjwa 889 waliokatwa saratani ya utumbo mpana na kumaliza kemo. Kundi moja lilipewa kitabu cha ushauri wa afya, la pili likapewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3. Matokeo yalitoka 2025: baada ya miaka 8, walio hai katika kundi la mazoezi walikuwa asilimia 90.3, la kitabu 83.2. Zipo dawa zinazosifiwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Hii haikuzunguka kwenye magrupu, labda kwa sababu hakuna wa kuiuza.

Wengi walitembea tu, kwa kasi. Daktari akikuruhusu, toka baada ya alasiri jua likipoa, na buibui lako na viatu vya raba, ufikie kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ongeza kidogo kidogo. Unahitaji mtu wa kukugongea mlango siku unayovivia, mjukuu anafaa. Na ufagio wachukue wao, huo hauhesabiwi.

Nimepangiwa kamera ya utumbo ndani ya Ramadhani. Nifunge siku hiyo?

Huwezi. Dawa ya kusafisha tumbo inakwenda na maji lita kadhaa, na ukiinywa kisha ukafunga huenda ukaanguka. Kama daktari amesema hakuna haraka, omba tarehe ya Shawwal. Kama amesema ni haraka, mgonjwa ana ruhusa na siku hulipwa. La fiqhi zaidi kamwulize shekhe wako. Ukiwa unatumia dawa za sukari au za kuyeyusha damu, piga simu hospitali kabla ya siku ya kusafisha tumbo, usisubiri kuulizwa ukiwa umeshalala kitandani.