Ini likiwa kushoto

Swali: Habari za Mbeya, daktari? Kijana wangu ana miaka 19, anachuma chai Mufindi. Alipigwa utrasaundi kwa tumbo linalomsumbua, wakasema ini liko kushoto na bandama kulia. Apasuliwe arekebishwe? (Mama, Mafinga)

Jibu: Huku kwema mama, baridi tu. Hapana, asipasuliwe kwa hilo. Amezaliwa hivyo, viungo vimepangwa kama unavyojiona kwenye kioo. Hutokea kwa mtu 1 kati ya 10,000 hivi, na wengi huzeeka bila kujua.

Apigwe kwanza eksirei ya kifua. Moyo nao ukielekea kulia, huenda vyote vimegeuka pamoja, na hiyo ni nafuu. Ninayemhofia ni aliyegeuka nusunusu: utumbo wake huweza kuning'inia kwenye shina jembamba, ukajisokota na kukosa damu. Akitapika nyongo ya kijani huku tumbo likimkata, msingoje asubuhi.

Filamu ya eksirei ya mtu wa namna hii niliwahi kuiona ikigeuzwa mara tatu kwenye kisanduku cha taa, kila anayepita akidhani mwenzake kaiweka kinyume. Ilikuwa sawa. Alama ya R, yaani upande wa kulia, ilikuwa pale pembeni, hakuna aliyeisoma.

Hapo ndipo penye hatari. Ikiwa vyote vimegeuka, kidole tumbo chake kitakuwa chini kushoto. Siku kikivimba, mtu atamwambia ni gesi au mawe ya figo, hadi kipasuke. Na wapo wanaoumia kulia ingawa kidole kiko kushoto! Kwa hiyo kwenye daftari lake la hospitali, ukurasa wa kwanza, paandikwe kwa herufi kubwa: INI KUSHOTO, KIDOLE TUMBO KUSHOTO. Mfuko wa nyongo ukija kuhitaji kutolewa kwa kamera, sisi wapasuaji tunaotumia mkono wa kulia tunahama upande wa kitanda, skrini inahamishwa, na mikono inapishana. Mishipa ya damu na mirija ya nyongo nayo huweza kupita njia zake yenyewe, ndiyo maana nikijua mapema naomba siti skani kwanza.

Sasa nikuulize mimi: tangu utotoni ana kikohozi cha makohozi kisichoisha, na pua kuziba kila mara? Takriban robo ya watu wa aina hii vinyweleo vya njia ya hewa havifagii makohozi, na kwa wanaume huweza kugusa uzazi. Nijibu hilo kabla hamjapanda basi kuja huku.