Uliza Mama Labo: Sukari ya chai, sukari ya uvimbe

*Mama Labo, pokea salamu kutoka Kadutu. Yaya yangu, dada yangu mkubwa, ana kansa ya titi. Walimkata kipande, karatasi ikarudi imeandikwa tripo negatifu. Mtoto wangu anayesoma Kinshasa alitutumia sauti kwa WhatsApp, akasema kuna protini zinazoshika sukari, na kwamba uvimbe unazitumia kujificha ili askari wa mwili wasiuone. Tangu siku hiyo watu wa kikundi cha sala wamemkataza yaya sukari, mkate, ndizi, hata ugali wa muhogo. Sasa anakunywa maji ya moto yenye majani tu, na amekonda sana. Je, ni kweli sukari ndiyo inaficha kansa? Akiacha kuila, uvimbe utaonekana?*
*Mdogo wake, Kadutu, Bukavu*

Dada yangu, mrudishie yaya chai yake leo, na sukari ndani, na mkate pembeni. Maelezo yanakuja, ila hilo lisingoje mwisho wa jibu langu.

Mtoto wako hakusema uongo. Waliomsikiliza walishika neno moja wakakimbia nalo jikoni. Sukari aliyoitaja haitoki kwenye kikombe. Kila seli ya mwili, ya titi, ya ngozi, ya damu, imefunikwa na minyororo mifupi ya sukari iliyoshikamana na protini na mafuta ya ukuta wake. Si tamu, na huwezi kuiyeyusha kwa kufunga.

Kama umewahi kupimwa kundi la damu, umeshaziona sukari hizo zikifanya kazi. Kipimo hiki ndicho mkate wangu wa kila siku: naweka matone ya damu kwenye kigae cheupe, la kwanza nalitilia dawa ya buluu, anti-A, la pili ya njano, anti-B, kisha nakitikisa kigae taratibu. Damu ikiwa ya kundi A, ndani ya ile ya buluu inaanza kukatika chembechembe nyekundu hata kabla sijamaliza kutikisa. Kwenye njano inabaki laini. Karl Landsteiner alizieleza tofauti hizi huko Vienna mwaka 1901, na baadaye ikajulikana kwamba kinachozitenganisha A na B ni sukari moja tu kwenye ncha ya mnyororo: A ina N-asetili-galaktosamini, B ina galaktosi, na O haina hata moja kati ya hizo mbili. Sasa niambie: mtu wa kundi A akiacha sukari ya chai mwaka mzima, atageuka O? Sijawahi kumpima mtu aliyetoka Kwaresima na kundi jipya.

Seli huzitengeneza sukari hizi zenyewe, ndani, kutokana na glukosi ya damu. Na ini halikubali glukosi ya damu iishe. Usipokula, linaitengeneza kutokana na protini za misuli yako mwenyewe. Hapo ndipo nyama ya yaya wako inapokwenda. Najua watanijibu kwamba uvimbe hupenda glukosi, na ni kweli, Otto Warburg alilionyesha hilo Ujerumani miaka ya 1920. Lakini ukimnyima mgonjwa chakula, anayedhoofika kwanza ni mgonjwa, halafu siku ya kimioterapia damu yake inakuja labo kwangu ikiwa chini, na dokta anaahirisha dawa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana umeuliza swali zuri na kulikatiza kungekuwa dhambi.

Kwenye ncha za minyororo mingi hukaa sukari iitwayo asidi ya sialiki. Seli nyeupe, hao mnaowaita askari, zina protini za kuishika. Zinaitwa Sigleki, na binadamu ana zaidi ya kumi za aina hiyo. Sigleki ikishaishika asidi ya sialiki, inapeleka amri ndani ya seli nyeupe: tulia, huyu ni wa nyumbani. Ni breki ya lazima, kwa sababu bila breki za namna hii kinga ingegeuka kuushambulia mwili wake yenyewe. Shida ni kwamba seli za saratani ya titi hujifunika asidi ya sialiki nyingi kuliko seli za kawaida. Seli nyeupe inafika hadi kwenye uvimbe, inagusa, ina silaha zote, na breki inakanyagwa hapohapo. Kwa hiyo hata neno kujificha si sawa kabisa. Uvimbe umeonekana. Aliyeuona ndiye amezuiwa mkono.

Kuna jambo linalomgusa yaya wako hasa. Mwaka 2019 kikundi cha Irving Weissman katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilionyesha kwamba seli za saratani ya titi ya hasi tatu, hiyo hiyo tripo negatifu, zinabeba kwa wingi protini yenye sukari iitwayo CD24. CD24 inashikwa na Sigleki-10 iliyo juu ya makrofaji, seli nyeupe ambazo kazi yake ni kumeza. Zikishikana, makrofaji haimezi. Watafiti walipoiziba CD24 kwa kingamwili, makrofaji zikaanza kula seli za saratani.

Protini nyingine ni galektini, na ujanja wake ni tofauti, kwa sababu galektini uvimbe wenyewe unaweza kuimwaga nje. Galektini-3 inanasa sukari zilizo juu ya seli T, aina nyingine ya seli nyeupe, na kuzifunga pamoja, hivi kwamba vipokezi vya seli T, ambavyo vinatakiwa kuteleza na kukutana ili seli iamke, vinabaki vimekwama kila kimoja mahali pake. Mwaka 2008 watafiti wa Ubelgiji walichukua seli T kutoka kwenye vivimbe vya wagonjwa, seli zilizokuwa zimelala kabisa, wakaziosha kwa sukari ambayo galektini inaipenda zaidi. Galektini ikaachia, na seli T zikarudi kazini. Umesikia vizuri: walitumia sukari kuamsha kinga. Hiyo wasimulie wa kikundi cha sala.

Dawa? Njia inayonivutia zaidi ni ya Carolyn Bertozzi, mkemia wa Stanford aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2022 kwa kazi nyingine. Mwaka 2016 yeye na wenzake walichukua trastuzumabu, kingamwili inayotumika kutibu saratani ya titi yenye HER2 nyingi, protini ya juu ya seli inayoihimiza ikue, wakaiunganisha na kimeng'enya kinachokata asidi ya sialiki. Kingamwili inajua nyumba ya seli ya saratani, kimeng'enya kinakata sukari mlangoni, breki inaachia, na seli nyeupe zinaua zaidi. Ilifanya kazi kwenye vyombo vya labo, baadaye pia kwa panya. Lakini seli za hasi tatu hazina HER2 ya kutosha kushikwa na trastuzumabu, kwa hiyo kwa yaya ingetakiwa kingamwili nyingine ya kuonyesha njia. Kwa sasa hakuna famasi ya Bukavu, ya Kigali wala ya Brussels inayouza dawa ya kukata sukari hizi kwa mgonjwa wa titi. Akipita mtu na chupa ya kusafisha sukari ya seli, mfunge mlango.

Kilichopo leo si kidogo. Saratani ya hasi tatu haina kipokezi cha estrojeni wala cha projesteroni, wala HER2 ya kutosha, kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni havimsaidii, lakini mara nyingi inaitikia vizuri kimioterapia, pamoja na upasuaji. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu pembrolizumabu, inayoondoa breki nyingine ya kinga iitwayo PD-1, kwa wagonjwa wa hasi tatu ya mapema yenye hatari kubwa. Bei yake inatisha, sitakudanganya. Mionzi, watu wetu wengi huvuka mto Ruzizi kwenda kuitafuta Kigali, ambako mashine ilianza kazi mwaka 2019.

Na kabla ya yote hayo, uliza swali ambalo familia haziulizi: kipande kilihifadhiwa vipi? Nimewahi kuletewa kipande cha titi kikielea kwenye spiriti ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, lebo bado iko juu. Kipande kinatakiwa kuingia kwenye formoli, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formoli iwe nyingi, ujazo wake mara kumi ya kipande, na kikae humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa au kikioza, vipokezi vinaharibika, na karatasi inaweza kuandika hasi mahali palipokuwa na chanya. Mtu wa aina hiyo ananyimwa kidonge cha homoni ambacho kingemsaidia. Kama dokta ana shaka, vipimo vyote vitatu vinaweza kurudiwa kwenye kipande kitakachotolewa wakati wa upasuaji. Muombe bila aibu.

Yaya ale samaki wadogo wa sambaza, mayai, maharagwe, na huo ugali. Kama ana kisukari, hapo ndipo dokta wake apange sukari, si kikundi cha sala.

*Mama Labo, nilipima damu CA 15-3 huku Nguba, wakaniambia iko kawaida. Nina kijiwe kwenye ziwa la kushoto, hakiumi. Naweza kutulia?*
*Msomaji, Nguba*

Hapana, mama. CA 15-3 ni vipande vya protini iitwayo MUC1 vinavyodondokea kwenye damu. Wanawake wengi wenye saratani ya titi ya mwanzo wana CA 15-3 ya kawaida kabisa. Kipimo hiki kinafaa zaidi kumfuatilia mtu aliyekwisha kujulikana ana saratani, hasa iliyosambaa. Aliyekuuzia kama kipimo cha kujua una kansa au huna amekula pesa yako. Kuhusu kijiwe kutouma, hiyo si habari njema wala mbaya, vingi vya saratani haviumi. Nenda ukapigwe ekografi (picha ya ultrasaundi) na ukatolewe kipande, wiki hii.

Na kwa kuwa tumeongea sukari: MUC1 hiyo hiyo, kwenye saratani, minyororo yake hukatika mifupi na kuzibwa na asidi ya sialiki. Mwaka 2016 watafiti wa London walionyesha kwamba katika hali hiyo inashikwa na Sigleki-9 ya seli nyeupe na kuzigeuza ziusaidie uvimbe.

*Nimesoma kwamba protini zinazoshika sukari zinaitwa lektini na ziko kwenye maharagwe. Tuache maharagwe?*
*Baba wa watoto wanne, Bagira*

Baba, msiache. Lektini ya maharagwe si galektini ya uvimbe, na ikipikwa inakufa. Mbichi ndiyo hatari: punje 4 au 5 za maharagwe mekundu zinatosha kumtapisha mtu. Hata hivyo labo tunaidai shukrani. Mwaka 1960 Peter Nowell huko Philadelphia aligundua kwamba lektini hiyo ya maharagwe inaziamsha seli nyeupe zianze kugawanyika, na hadi leo inatumika kwa kazi hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni makala ya kupikia, makaa. Yamepanda bei, watu wanaloweka maharagwe halafu wanayaacha kwenye moto wa majivu usiku kucha. Moto huo mdogo hauvunji lektini. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, weka mapya, chemsha kwa nguvu. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo nusu saa ya kutokota kweli kweli, mapovu yakiruka, ndipo upunguze makala na kuyaacha yalainike.