Kumbukumbu za masomo ya darasani: kwa mwalimu mpya wa urubani chini ya FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani)

Mwanafunzi akiruka saa 1.2, hakuna anayesahau kuandika, maana mita ya Hobbs, inayohesabu muda wa ndege kufanya kazi, inawaangalia wote wawili. Akikaa nawe mezani dakika 50 mkipitia ramani ya anga, anakunja ramani yake na kuondoka, na mbele ya mtahini somo hilo halipo. Sheria ya Marekani haitofautishi. Kifungu 61.189 cha kanuni za FAA kinamtaka mwalimu wa urubani asaini logibuku (daftari la rubani la saa na mafunzo) ya kila mtu aliyemfundisha, iwe ni angani au darasani.

Saini peke yake haitoshi. Kifungu 61.51 kinataka maelezo ya kilichofundishwa, urefu wa somo, saini, namba ya cheti chako na tarehe ya cheti kuisha muda. Tangu 1 Desemba 2024 vyeti vipya vya walimu wa urubani havichapwi tarehe ya kuisha. Mwalimu anafuata tarehe ya mwisho wa uzoefu wake wa karibuni, yaani siku ambayo haki yake ya kufundisha inasimama asipoihuisha, inayosogezwa kila miezi 24 ya kalenda, na hiyo ndiyo ya kuandika. Mwandiko usomeke.

Kwenye maelezo ndipo wengi wanapoharibu. "Nadharia, saa 1" haimwambii mtahini chochote, na hata wewe mwenyewe baada ya miezi sita hutakumbuka mlisoma nini. Andika hivi: "Anga za daraja B, C, D, E na G: masharti ya kuingia, redio na transponda, viwango vya uonekano na umbali wa mawingu (91.155). Zoezi kwenye ramani ya Kansas City. Saa 0.8." Dakika 6 ni 0.1, kwa hiyo dakika 50 ni 0.8, usizikuze zikawa saa nzima. Muda wa darasani uwe na safu yake, usichanganywe na wa kuruka.

Uzito wa desimali hiyo unaonekana kwenye mapitio ya kila miezi 24 ya rubani mwenye leseni. Kifungu 61.56 kinataka angalau saa 1 ya darasani na saa 1 ya kuruka. Ukiandika darasani 0.7, umesaini mapitio ambayo kwa maandishi yako mwenyewe hayakukamilika.

Sasa rekodi yako wewe, tofauti na logibuku ya mwanafunzi. Lazima iwe na jina la kila uliyempa idhini ya kuruka peke yake na tarehe ya idhini. Vilevile jina la kila uliyemwidhinisha kufanya mtihani wa nadharia au wa vitendo, aina ya mtihani, tarehe na matokeo. Itunze kwa miaka 3 au zaidi. Daftari la kawaida linatosha, jedwali la kompyuta pia, mradi una nakala mahali pengine.

Safu inayobaki tupu kila mara ni ya matokeo. Unasaini Jumatatu, mwanafunzi anafanya mtihani wiki mbili baadaye, anafaulu, anasherehekea, wewe hujui. Mwambie mapema akutumie picha ya karatasi ya matokeo siku hiyo hiyo. Utaihitaji hata hivyo: alama ya kufaulu ni 70, lakini karatasi pia inaorodhesha misimbo ya alipokosea. PA.I.C.K2, kwa mfano, ni rubani binafsi wa ndege, eneo la maandalizi ya safari, kazi ya taarifa za hali ya hewa, kipengele cha pili cha maarifa. Kabla ya mtihani wa vitendo, 61.39 inataka uthibitishe kwamba mwanafunzi sasa anayaelewa maeneo hayo, basi somo la kuyarudia nalo liandikwe kwa mada zake. Akifeli, mafunzo ya ziada na idhini mpya chini ya 61.49 vinapata mstari wao. Mstari wa kufeli usiufute.

Siku hizi wengi wanajisomea kwa kozi za video kisha wanakuja kuomba saini tu. Inaruhusiwa, 61.35 inakubali kujisomea nyumbani. Ila usiandike saa ambazo hukufundisha. Andika kwamba umepitia kozi aliyomaliza, na uhifadhi alama za majaribio yake, kwa kuwa anayetamka kwamba yuko tayari ni wewe. Kifungu 61.59 kinahusu maandishi ya uongo, na adhabu yake inafika hadi kufutiwa vyeti vyako. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni, weka herufi za kwanza za jina lako na tarehe ya leo, si ya siku ya somo.

Kama una cheti cha mwalimu wa nadharia tu, 61.189 haikutaji, na sehemu inayowahusu ninyi haina sharti la miaka 3. Tunza hata hivyo. Cheti chako hakiishi muda, lakini 61.217 inataka uwe umefundisha, au umetimiza njia nyingine inayotajwa humo, ndani ya miezi 12 ya kalenda iliyopita, na ushahidi wa haraka ni rekodi hiyo hiyo. Angalia pia daraja lako: mwalimu wa nadharia wa daraja la juu anafundisha nadharia ya leseni zote lakini si ya kibali cha kuruka kwa vyombo. Kibali hicho kinataka daraja lake la mwalimu wa nadharia, na idhini iliyosainiwa bila daraja hilo haimsaidii mwanafunzi.

Ukiajiriwa na shule ya Part 141 (shule ya urubani iliyoidhinishwa na FAA chini ya sehemu hiyo ya kanuni), mambo yanaongezeka. Shule haiwezi kutegemea logibuku ya mwanafunzi. Inapaswa kuwa na orodha yake ya mahudhurio, mada na alama, na kuitunza angalau mwaka 1 baada ya mwanafunzi kuhitimu, kuacha au kuhama. Mwanafunzi akiomba nakala, apewe. Anayetoka Kenya au Tanzania na anayepanga kubadili leseni akirudi, mkumbushe aiombe kabla hajaondoka, na mpitie pamoja ukurasa kwa ukurasa kutafuta saini zinazokosekana.